Mzigo ni Kazi, Si Mtu

Wahenga walinena: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi twauona mwepesi hivyo kila tupitapo mlangoni pa jirani amtunzaye ndugu mwenye ulemavu. Twatoa salamu, twasema "Mungu atawasaidia", kisha twaenda zetu.

Tumtazame mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kutembea. Akiwa na miaka miwili, mama humbeba kwa mbeleko, wala hakuna ashangaaye. Akifika miaka 12, angali abebwa, na mgongo wa mama umechoka. Kumlisha kwataka subira, asije akapaliwa. Usiku sharti ageuzwe, asipate vidonda. Shamba lamngoja mama, na kisima ki mbali. Pengine wakweze humlaumu kwa kuzaa mtoto huyo, na baba akajitenga. Ndipo mama hujiuliza: Nikifa, nani atamlea?

Je, mtoto huyu ni mzigo? Wako wasemao ndiyo, hata wakamficha chumbani. Wako wasemao sivyo, wakamsifu mama kwa uvumilivu wake, lakini hata ndoo moja ya maji hawamtekei. Sisi twaona kuwa wote wamekosea. Mtu hawi mzigo. Mzigo ni kazi ya kumtunza. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwani mtu hagawanyiki, bali kazi hugawanyika. Tukimwita mtu mzigo, twatafuta pa kumtua. Tukiiita kazi mzigo, twatafuta wa kupokezana naye.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, hapa Tanzania, haikumwachia mama peke yake wajibu huu. Imewataja jamaa, na serikali za mitaa pia. Lakini sheria haiwezi kubisha hodi na ndoo mkononi. Hilo ni letu.

Basi, enyi walimu na wanafunzi, mkamjue jirani wa namna hiyo. Mmoja ateke maji. Mwingine akae na mtoto, amsemeshe na kumwuliza alipendalo, maana naye ana hiari yake. Mama apate kwenda shambani au kulala kidogo. Tusifanye hivyo kama watoao sadaka. Hujafa hujaumbika: zamu ya kutunzwa yaweza kutufikia sisi wenyewe.