Juu ya Upepo na Springi

Yako maswali ambayo mtu huyakuta vitabuni, na yako mengine ambayo huyakuta njiani. Swali la insha hii nililikuta njiani, katika mchanga wa kaskazini ya kisiwa cha Mafia, hali nikiikokota baiskeli iliyoinamisha kichwa kama mnyama aliyechoka. Swali lenyewe ni hili: chombo kinapowatumikia watu wenye uzito na nguvu mbalimbali, nacho hakiwezi kumfaa kila mmoja wao sawasawa, kipimwe kwa nani? Huenda msomaji akadhani ya kuwa hili ni jambo la mafundi. Namsihi asubiri kidogo, maana sheria ni chombo, darasa ni chombo, na desturi ni chombo vilevile.

Bweni ni kijiji kilicho karibu na ncha ya kaskazini ya Mafia, jirani na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Kutoka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, ni safari ya kadiri ya kilomita 50. Nilikwenda huko kukusanya majina ya mikeka na ya misuko yake, nikachukua baiskeli yangu ya milimani, ambayo foki yake ya mbele ilikuwa ya kunesa, na kilichoinesesha kilikuwa upepo.

Foki ya namna hii ina miguu miwili. Katika mguu mmoja mna mafuta yanayotuliza kishindo; katika mguu wa pili mna upepo uliofungiwa mbele ya pistoni. Gurudumu likigonga jiwe, pistoni huubana upepo, na upepo hujitetea. Kanuni ya kujitetea kwake ilitangazwa na Robert Boyle mwaka 1662: hewa ikibanwa hata nafasi yake ikawa nusu, bila ya joto lake kubadilika, msukumo wake huwa mara mbili. Kwa hiyo upepo ni mpole mwanzoni na mkali mwishoni. Fadhila yake kubwa ni utii. Mpandaji mzito huuongeza, mwepesi huupunguza, na foki ile ile huwafaa wote wawili. Tena upepo hauna uzito wa kumchosha mtu mlimani.

Walakini utii huo wote umewekwa rehani kwa sili, yaani pete ndogo za mpira zinazouzuia upepo usitoroke. Siku ya tatu mchanga ulizikwaruza sili zangu, upepo ukatoka, na foki ikazama. Fundi wa kijiji aliitazama kwa heshima, kama mganga anayetazama ugonjwa asioujua. Pampu yake ilikuwa ya vali zile za mpira zilizo katika baiskeli kubwa nyeusi za kazi, nayo haikuingia. Tukaazima pampu ya pikipiki. Ikaingia, lakini nafasi ya upepo ndani ya foki ni ndogo mno, hata pampu ilipochomolewa sehemu kubwa ya upepo ilifuatana nayo. Fundi akafuta mikono akaniambia, "Mwalimu, baiskeli yako ni nzuri, lakini uhai wake umeuacha Dar es Salaam."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Niliporudi nyumbani niliazimia kuitoa foki katika utawala wa upepo na kuitia katika utawala wa chuma. Ziko karakana katika Kanada na Marekani zinazotengeneza vifaa vya kazi hiyo: pistoni ya upepo na fimbo yake hutolewa, na mahali pake hutiwa springi ya chuma pamoja na fimbo nyingine. Foki huzidi uzito kwa mamia ya gramu, lakini haihitaji tena upepo wa kuibeba. Sili za mafuta na za vumbi hubaki, ila zikichakaa mpandaji haangushwi kichwa siku ile ile. Springi nayo ina kanuni yake. Robert Hooke, ambaye alikuwa msaidizi wa Boyle na ndiye aliyemtengenezea pampu ya hewa, alieleza mwaka 1678 ya kuwa springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo wake: mzigo ukiwa maradufu, mbonyeo nao huwa maradufu. Haina upole wa mwanzo wala ukali wa mwisho. Ni mtu wa neno moja.

Nilirudi Bweni nikijiona mwenye hekima. Nilijilinganisha na mababu waliounda mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za usumba pasipo misumari, yenye matanga ya mikeka. Mtepe ulinyumbuka ulipogusa mwamba, na kamba yake ikikatika, nazi ya pwani yoyote iliweza kutoa nyingine. Chombo kizuri, nilijiambia, ni kile kinachoweza kutibiwa mahali kinapougulia. Mpaka leo naamini ya kuwa neno hilo ni kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani ya kuwa ni kweli yote.

Mwenyeji wangu ana binti anayesoma. Kwa kuwa mimi nilishinda barazani pamoja na wasukaji, nilimpa baiskeli aende nayo shuleni. Jioni ya kwanza alirudi akijisugua viganja vya mikono. Nikamwuliza, "Haikunesa?" Akacheka kwa adabu, akasema, "Mjomba, foki yako haijui kama mimi nimepanda."

Hapo ndipo nilipokumbuka ya kuwa springi ile ilichaguliwa kwa kipimo cha mwili wangu. Mimi nina kilo 90, na yeye hazidi 45. Kwa kanuni ya Hooke, aliibonyeza nusu ya nilivyoibonyeza mimi, na mawe madogo yaliyokuwa yakizimika chini yangu yalipita mpaka mikononi mwake. Iko parafujo juu ya foki, lakini hiyo huikaza springi mwanzoni tu. Haiwezi kuugeuza ugumu wake. Uthabiti niliousifu ulikuwa uthabiti wangu mimi. Kwa mtoto yule, ulikuwa ukaidi. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi swali likarudi kwa nguvu. Hoja ya kwanza ni ya mwenye mali: baiskeli ni yangu, na ipimwe kwangu. Hoja hiyo ni halali, lakini haijibu swali, inalifukuza mlangoni. Nikishampa mwenzangu chombo akitumie, nimemwingiza katika kipimo chake. Hoja ya pili ni ya wastani: itafutwe springi ya mtu wa kilo 67 na nusu. Hoja hii ina sura ya haki, lakini mtu huyo hayuko. Tutakuwa tumemwundia kiti mtu asiyezaliwa, na walio hai wawili wasimame.

Hoja ya tatu ni kurudisha upepo, kwa kuwa huo huwafaa wote. Hii ndiyo hoja ngumu, na siidharau. Ningeweza kuacha pampu yake kijijini. Lakini sili zingechakaa tena, na mleta sili ningekuwa mimi, ambaye siku nyingi za mwaka siko. Haki inayomfaa kila mtu, lakini dawa yake ikawa ng'ambo ya bahari, hudumu mpaka siku ya kuugua kwake kwa kwanza.

Imebaki hoja ya nne, nayo ndiyo niliyoichagua: springi ipimwe kwa mwepesi. Sikuichagua kwa huruma peke yake. Nilizitazama kasoro mbili nikaona ya kuwa hazilingani. Mzito akipanda springi laini, foki huzama kupita kiasi, na kwenye jiwe kubwa hugonga mwisho wake. Lakini dawa anayo mkononi: apunguze mwendo, alizunguke jiwe. Mwepesi akipanda springi ngumu hana dawa. Hata akienda polepole, kila jiwe litampiga. Wala hawezi kujiongezea kilo 45 kwa kuazimia. Pasipowezekana kuiondoa kasoro, na ikae kwa yule awezaye kuipunguza kwa hiari yake. Mpaka wa kanuni hii ni mmoja: kasoro hiyo isiwe ya kumvunja anayeibeba, maana dhuluma haigeuki haki kwa kuwa aliyedhulumiwa ana nguvu.

Nimeifikiri kanuni hii hata katika kazi yangu. Kwa miaka mingi niliupima mwendo wa mihadhara yangu kwa wanafunzi hodari, nikauita mwendo huo kiwango. Mwanafunzi hodari akifundishwa polepole anacho kitabu cha kukimbilia. Yule aliyeachwa nyuma hukimbilia wapi? Sisemi elimu ilegezwe. Springi laini si foki iliyovunjika. Nasema ya kuwa kiwango hakikushuka kutoka mbinguni. Kilichaguliwa na mtu mwenye uzito wake.

Niliagiza springi laini, fundi akaitia chini ya macho ya watoto, na baiskeli nimeiacha Bweni. Katika ziara yangu ya mwisho niliiazima kwa binti yule nikaenda nayo mpaka Ras Mkumbi. Foki iligonga mwisho wake mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu. Nilipofika penye mawe mengi nilipunguza mwendo.