Inkisari ya Picha

Watunzi wa pwani wanaijua vyema kazi ya kukata. Mshororo wa mizani 16, 8 kwa 8, hausikilizi udhuru: neno likizidi hupunguzwa, likipungua hurefushwa. Huko kupunguza kukaitwa inkisari, na huko kurefusha kukaitwa mazida. Wala hapana aliyemwita mtunzi mwongo kwa sababu ya silabi moja iliyoachwa. Lakini siku hizi ipo inkisari nyingine, ifanywayo na kijana aliyekaa mbele ya kompyuta katika kibanda cha picha, na hiyo haijaulizwa sawasawa: mtu akataye sura ya mwenziwe ili ienee katika kipimo, hukata nini, na kwa haki gani?

Suala hili laonekana wazi zaidi mbali na bahari, huko Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Hiyo ni nchi ya Waha, nchi ya maharage, migomba na misitu ya miombo, na mpaka wa Burundi hauko mbali. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, Warundi walivuka kwa makundi makubwa. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Na baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, kambi ya Nduta ya Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikajaa upya. Katika nchi kama hiyo picha ya uso si pambo la ukutani. Ni kadi, ni fomu, ni pasipoti. Ndiyo imsemeayo mtu mbele ya afisa asiyeijua lugha yake wala ukoo wake.

Na picha hiyo ina mizani yake. Bahati nasibu ya viza ya Marekani, iliyowavutia vijana wengi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, ilitaka picha ya mraba, isiyopungua pikseli 600 kwa 600, na kichwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo chake. Kamera hutoa, tuseme, pikseli 3,000 kwa 4,000, yaani nukta milioni 12. Fundi ana kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Kwanza hukata, ili apate mraba wa 3,000 kwa 3,000, na hapo nukta milioni 3 hutupwa. Kisha hupunguza, na kila nukta 25 huwa moja. Akiiruka kazi ya kwanza, akailazimisha picha nzima iingie katika mraba, uso hufupika kwa robo na kupanuka kama chungu. Na akiwa na picha ndogo kuliko kipimo, akaivuta, kompyuta itajaza mapengo kwa nukta za kukisia. Hiyo ndiyo mazida ya picha, nayo ni mbaya kuliko inkisari, kwani inkisari huacha kilichokuwapo, hali mazida hii huongeza kisichokuwapo.

Basi, je, kukata ni kusema uongo? Na uchukuliwe mfano wa mtoto mchanga apigwaye picha ya pasipoti. Hawezi kukaa peke yake, na masharti hayataki mtu mwingine aonekane. Mama humshika kwa nyuma, mkono wake ukifichwa chini ya kitambaa, na kidole kitakachochomoza fundi atakikata. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana; katika picha hii hauonekani hata huo mmoja. Hata hivyo hapana aliyedanganywa. Afisa anajua kwamba mtoto wa miezi mitatu ameshikwa na mtu. Kilichokatwa kinajulikana na wote kuwa kimekatwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mtu amefariki, na picha yake nzuri ya pekee ni ile ya harusi, amesimama kati ya ndugu. Jamaa wanataka sura yake tu, iwekwe penye msiba. Fundi anakata, na begani kwa marehemu vinabaki vidole vya mtu ambaye hayupo tena katika picha. Avifute? Wengi watasema avifute, kwa ajili ya usafi. Lakini vidole vile ni ushahidi kwamba marehemu alikuwa na mtu wa kumshika bega. Na kwa familia iliyokimbia, ikazika wengine njiani, huenda ndivyo mabaki ya pekee ya yule mwingine. Hapa fundi hakati nafasi tupu. Anakata ujamaa.

Mfano wa tatu ni wa picha zinazosafiri. Mwandishi afikapo kambini humpiga mtoto mwenye bakuli tupu, na ukingo wa picha ukaiacha nje bustani ya mboga, darasa lenye mwalimu, na mama anayecheka. Bakuli ni la kweli. Lakini mtazamaji wa mbali haambiwi kwamba kulikuwa na kitu pembeni, naye hudhani ameona kambi nzima. Tarehe 8 Juni 1972, huko Trang Bang, Vietnam, ilipigwa picha ya watoto wakiukimbia moto wa napalm, miongoni mwao Kim Phuc, msichana wa miaka 9. Picha iliyoenea sana ilikatwa upande wa kulia, akaondoka mpiga picha aliyekuwa akishughulika na filamu yake. Kilio cha watoto kikazidi nguvu. Lakini ukweli kwamba kulikuwa na watu wazima kando yao, wenye kamera, ukapungua. Na mwaka huo huo wa 1972 Warundi wengi mno waliuawa, wengine wakakimbilia Tanzania, bila picha yoyote ya kuenea duniani namna ile. Wao hawakukatwa kwa programu. Waliachwa nje ya ukingo tangu mwanzo.

Atasema mtu: kama ni hivyo, kila picha imekatwa, kwa kuwa lenzi haioni yote, na fundi wa Kasulu hana kosa zaidi ya kamera. Ni kweli kwamba kila picha ina ukingo. Lakini inkisari ya ushairi inafundisha tofauti. Mtunzi akisema "meondoka", msikilizaji huirudisha ile "a" mwenyewe, na maana hubaki nzima. Inkisari halali ni ile ambayo mtazamaji anaweza kukirudisha kilichokatwa. Asipoweza, wala asiambiwe, hapo hakuna tena mizani. Kuna dhuluma, hata kama kila pikseli iliyobaki ni ya kweli.

Kwa hiyo wajibu wa fundi si kuacha kukata, kwani asipokata, fomu itarudishwa na mwenye shida ndiye atakayeumia. Wajibu wake ni kuihifadhi picha asilia kwa jina lake, na nakala iliyokatwa kwa jina jingine, na kumuuliza mwenye sura kabla ya kumwondoa aliyesimama pembeni yake. Kuhifadhi ni kazi ya dakika moja. Kukirudisha kilichofutwa hakuna fundi akiwezaye.