Hiari Baina ya Viwili Vilivyo Sawa

Huko Marekani, katika majimbo ya kusini ambako mito mingi imezuiwa ikawa maziwa, ziko mashua zilizoundwa makusudi kwa samaki mmoja aitwaye bass, ambaye watu wa Naivasha wamjua tangu alipotiwa katika ziwa lao mwaka 1929. Ni mashua za faiba, bapa, zenye sitaha pana ya omo ili mvuvi asimame arushe ndoana, na tangi ambalo maji yake huburudishwa kwa pampu ili samaki akae hai mpaka apimwe na kurudishwa ziwani. Forrest Wood alianza kuunda za kwake katika mji wa Flippin, Arkansas, mwaka 1968, na leo waundaji wamekaribiana hata mnunuzi, awekewapo mbili ubavu kwa ubavu, zote za futi 20 na mashine ya nguvu za farasi 250, huduwaa. Hufunua kifuniko cha tangi, hugonga ubavu kwa kifundo cha kidole, hupima kwa utepe, akaona hii yazidi ile inchi tatu, na ile yazidi hii sanduku moja la kuwekea chambo. Kisha hurudi alipoanza.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Lakini fisi aliponzwa na tamaa ya kuzitaka zote, na mnunuzi huyu ataka moja tu. Kilichomfunga ni kudai hoja isiyokuwapo.

Mas'ala haya ni ya kale. Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, alipokuwa akiwajibu wanafalsafa waliouliza vipi Mwenyezi Mungu aumbe ulimwengu wakati huu na si ule ilhali nyakati zote zalingana, alitaja mtu mwenye hamu ya tende, mbele yake tende mbili zisizopitana kwa uzuri, rangi wala ukaribu, naye hawezi kuzichukua zote: atatwaa moja bila shaka, kwa kuwa irada ni sifa ambayo kazi yake hasa ni kukipambanua kitu na mfano wake. Ibn Rushd wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1198, akamrudi kwamba mtu yule hakuhitari tende juu ya tende, bali kula juu ya kutokula, na yoyote itakayomfika mkononi imetimiza haja yake. Kwa habari za Muumba nasimama na Ghazali. Kwa habari za mnunuzi, naona Ibn Rushd ndiye aliyemfahamu mwanadamu, maana kila jumamosi inayopita katika mizani ile ni jumamosi ambayo mtu hakuvua.

Kwetu sisi Waislamu iko sala ya istikhara, ya kumwomba Mungu atuchagulie, ambayo wengi tumeigeuza ramli ya ndoto. Katika dua yake, baada ya rakaa mbili, mja huomba akadiriwe kheri popote ilipo, kisha aridhishwe nayo. Na hiyo ridhaa ndiyo haja kubwa zaidi ya mwenye shaka, kwani shaka haiishi siku ya kulipa, humfuata hata ziwani, na kila samaki aponyokapo husema moyoni kwamba katika mashua ile nyingine asingeponyoka.

Basi, ewe msomaji, ukiisha kuvikagua viwili kwa uaminifu usione tofauti, usiitafute tena: shika kilicho karibu na mkono wako, ulipe, wala usirudi dukani kukitazama ulichokiacha.