Vaa Riteina Yako Leo Usiku

Siku vyuma vya meno vinapotolewa, kila mtu hutaka picha. Mama anapiga, shangazi aliye Nairobi anatumiwa kwa WhatsApp, nawe unapitisha ulimi juu ya meno ambayo huyatambui: laini, yamekaa mstari mmoja, hayana waya. Furahi! Umevumilia mwaka mmoja na nusu, pengine miwili au zaidi, waya ukikazwa na mashavu yakichubuka huku wenzako wakitafuna mahindi ya kuchoma mbele yako. Lakini kabla hujatoka kliniki, daktari alikukabidhi kikasha kidogo cha plastiki. Kilichomo ndicho kitakachoamua kama picha ile itakuwa bado ya kweli ukifika miaka thelathini. Ni riteina, kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Ivae.

Nasema nanyi hasa, vijana wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya na Embu, kwa sababu twajua pesa za meno huku kwetu hutoka wapi. Hutoka kwenye bonasi ya chai. Hutoka kwenye malipo ya kahawa, mkopo wa sacco, au fahali aliyeuzwa kabla ya wakati wake. Na juu ya ada ya daktari kuna nauli. Wengi wa madaktari bingwa wa kunyoosha meno wako Nairobi, kwa hiyo miadi ni safari ya kilomita 150 hivi kutoka Nyeri mjini, upite Karatina, Sagana, Kenol na Thika, kisha urudi siku hiyohiyo usije ukakosa masomo ya kesho. Familia nzima imebeba mzigo huo. Sasa umebaki mzigo wa gramu chache tu, na hakuna wa kukubebea.

Kwanza jua unapambana na nini. Jino halishikani moja kwa moja na mfupa wa taya. Katikati pana nyuzi ndogondogo zinazolishikilia, na ufizi nao una nyuzi zake zinazolizunguka shingoni. Waya ulipolisukuma jino, mfupa uliyeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, nazo nyuzi zikavutika. Vyuma vinapotoka, nyuzi hizo hazijatulia. Zilizo kwenye mzizi huchukua takriban miezi 3 hadi 4 kujipanga upya. Za ufizi huchukua miezi 4 hadi 6. Zile zinazonyumbuka, zilizo shingoni mwa jino, zinaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, na muda wote huo zinalivuta lirudi lilikotoka. Kinacholizuia ni riteina yako.

Kule Seattle, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington, Robert Little na wenzake waliwafuatilia watu walionyooshwa meno, wakiwatazama miaka mingi baada ya kuacha riteina. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1981, uliohusu watu 65, baada ya miaka 10 hivi ni chini ya asilimia 30 waliokuwa bado na meno ya mbele ya chini yaliyopangika vya kuridhisha. Katika utafiti wa 1988, uliofika hadi miaka 20, walibaki kama asilimia 10 tu. Watu hao walitibiwa vizuri, na meno yao yalinyooka kama yako. Soma tarakimu hizo kwa matumaini, maana zinakuonyesha mahali hasa pa kuweka nguvu zako. Hata ambaye hajawahi kuvaa vyuma huona meno yake ya chini yakibanana kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa mwili hauachi kubadilika. Ndiyo sababu madaktari wengi siku hizi hujibu hivi ukiwauliza riteina ya usiku huvaliwa hadi lini: hadi siku utakayoacha kuyataka meno yaliyonyooka.

Mkulima wa Othaya au Tetu hahitaji utafiti wa Seattle kulielewa jambo hili. Mchai ni mti. Ukiuacha utapanda juu mita kadhaa, na hakuna mchumaji atakayeyafikia majani yake. Unabaki usawa wa kiuno, umekaa tambarare kama meza, kwa sababu kuna mtu aliyepita kuuchuma juzijuzi na atapita tena karibuni. Hakuna mkulima anayesema, "Nilichuma mwaka jana, inatosha." Mvua ya Aprili ikinyesha, anashika kikapu. Baridi ya Julai ikimfisha vidole ganzi, anashika kikapu. Wewe umelelewa na watu wa namna hiyo, na nidhamu yao umeiona tangu ukiwa mtoto. Itumie kwa meno yako!

Riteina ziko za aina tatu. Ipo ya plastiki ngumu inayokaa kwenye kaakaa, yenye waya unaopita mbele ya meno. Ina jina la Charles Hawley, Mmarekani aliyeieleza mwaka 1919, na hadi leo inatumika. Ipo ya plastiki angavu, inayofunika meno yote na isiyoonekana kwa urahisi. Na upo waya mwembamba unaobandikwa nyuma ya meno ya mbele, usiotoka. Ratiba ni ya daktari wako. Wengi huagizwa kuivaa ya kutoka mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo, wakiitoa wakati wa kula na kupiga mswaki tu, kisha usiku pekee. Siku za kwanza mate yatajaa na herufi "s" itakutoka vibaya. Soma kwa sauti dakika chache kila jioni, ulimi utazoea. Wakikucheka, waache wacheke; wakichoka wataacha.

Haya, ichukue mkononi. Ukiitoa, ingiza kidole kwenye magego ya upande mmoja, kisha upande wa pili, uilegeze polepole. Usiivute kwa mbele na usiichezee kwa ulimi, maana ndivyo inavyopasuka. Iweke kwenye kiganja, juu ya beseni lenye maji, ili ikiponyoka isivunjike sakafuni. Chukua mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, na tone la sabuni ya maji. Sugua nje, sugua ndani, usivisahau vile vishimo ambamo magego hukaa, kwa kuwa ndimo utando mweupe hujificha. Dawa ya meno iachie meno. Chembe zake huikwaruza plastiki, na uchafu hupata pa kujishikiza. Kisha suuza kwa maji baridi.

Maji baridi! Hapo sisi wa mlimani tumebarikiwa. Yale maji ya bomba ya asubuhi ya Julai, yanayokufanya unawe uso kwa vidole viwili, ndiyo hasa riteina inayoyataka. Maji ya moto huipinda, na riteina iliyopinda haikai tena. Kwa hiyo usiichemshe ukidhani unaua vijidudu, usiiweke karibu na jiko, usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Sagana. Chai na uji navyo ni vya moto, tena vina sukari ambayo ikinaswa ndani ya riteina huozesha meno uliyoyalipia. Ikiwa mdomoni, kunywa maji tu. Kama wako ni waya uliobandikwa, pitisha kijiburashi chembamba au uzi wa meno chini yake kila siku, na mifupa, muwa na mahindi magumu usiving'ate kwa meno ya mbele. Upitie kwa ulimi mara kwa mara. Ukihisi mahali palipobanduka, mwone daktari mapema, kabla jino halijasogea.

Sasa nakugeukia wewe unayesoma shule ya bweni, na huku kwetu mko wengi. Adui mkubwa wa riteina yuko bwaloni. Unaitoa ule githeri, unaifunga kwa tishu, unaiweka kando ya sahani. Kengele inalia, sahani inaondoka na tishu, na bonasi ya chai inaishia kwenye pipa la taka. Shika sheria moja: riteina iko mdomoni au iko kikashani. Mfukoni hapana. Chini ya mto hapana. Ukiwa nyumbani, usiiache mezani hata dakika moja, maana mbwa huvutwa na harufu ya mate na ataitafuna. Kiandike kikasha jina lako na kidato chako kwa kalamu isiyofutika. Orodha ya kufungua shule inapoandikwa, kikasha, mswaki wa akiba na sabuni viandikwe pamoja na blanketi, na viingie kwenye sanduku kabla ya biskuti.

Na ukikosa? Utakosa. Utapatwa na malaria, utasafiri kwenda mazishi ushago, utalala kwa rafiki bila kikasha. Usiku mmoja usiuache ukawa mwezi. Irudishe kesho yake. Ukiihisi inabana lakini inakaa sawasawa, meno yalikuwa yameanza kusogea nawe umeyawahi. Ivae kwa bidii zaidi na umweleze daktari. Ikikataa kukaa, usiilazimishe kwa kuing'ata, usiipashe moto kuilainisha, usivae ya ndugu yako. Mpigie daktari siku hiyohiyo. Kila wiki unayochelewa ni nafasi ya meno kuzoea mahali pasipofaa, na riteina mpya inayotengenezwa leo ni rahisi sana kuliko vyuma vya awamu ya pili.

Mzazi, nawe una kazi. Mtoto akipoteza riteina, usiufanye ugomvi wa kijiji kizima. Anayeogopa kelele atanyamaza hadi likizo, na meno hayangoji likizo. Mwambie mapema, "Ikipotea, niambie kupitia kwa matroni siku hiyohiyo." Mwombe daktari akutunzie kielelezo cha meno ya mtoto, kiwe cha plasta au cha kompyuta, kwa kuwa meno yakiwa hayajasogea riteina nyingine huweza kutengenezwa kutokana nacho. Kila miadi ya ukaguzi, aende nayo. Na jioni akiwa nyumbani, muulize swali moja tu kabla ya kulala: umevaa?

Nanyi watu wazima, mwalimu uliyevaa vyuma ukiwa na miaka 35, mfanyabiashara wa soko la Karatina uliyejilipia mwenyewe kidogo kidogo, haya yote yanawahusu. Mfupa wa mtu mzima nao husahau ulichoufunza. Kazi mliifanya kwa jasho lenu. Msiiache iharibike kwa uvivu wa dakika tatu za usiku.

Basi leo usiku, kabla ya taa za bweni kuzimwa, piga mswaki, suuza riteina kwa maji baridi, ibonyeze kwa vidole hadi isikike tak kwenye magego ya pande zote mbili. Kesho fanya vivyo hivyo, na kesho kutwa. Na kama yako imelala kwenye droo tangu Krismasi, usilale kabla hujamwambia mzazi wako: tumpigie daktari kesho asubuhi. Meno hayo yamelipiwa. Yalinde!