Kufaana na Kufanana

Wahenga walisema: ndugu ni kufaana, si kufanana. Walikusudia kwamba udugu haupimwi kwa sura, bali kwa mkono unaonyooshwa siku ya dhiki. Tiba ya zama zetu imeleta hali ambayo wahenga hawakuiwaza: yupo mgonjwa ambaye humfaa zaidi yule anayefanana naye.

Tuwaze nyumba moja ya Buigiri, wilayani Chamwino. Mtoto ana selimundu, ugonjwa anaorithishwa na baba na mama kwa pamoja. Jijini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wa namna hii. Uloto wa mgonjwa huangamizwa kwa dawa kali, kisha hutiliwa mwingine. Mtoaji bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelandana naye kwa vinasaba, na kila ndugu wa aina hiyo ana nafasi moja tu kati ya nne. Aghalabu, basi, mtoaji naye ni mtoto. Hupewa nusukaputi, uloto ukachotwa katika mfupa wa nyonga, na baada ya wiki kadhaa mwili hurudisha kilichopungua.

Je, mtoto huyo ametoa, au amechukuliwa? Kutoa kwataka hiari, na hiari yataka uwezo wa kukataa. Mtoto wa miaka 7 atakataaje mbele ya machozi ya mama yake?

Mwaka 1957, mahakama ya Massachusetts, Marekani, ilikabili swali zito zaidi: figo, ambayo ikishatoka hairudi, kwa mapacha ambao hawajatimiza umri wa utu uzima, baadhi yao wa miaka 14. Mahakama iliruhusu, kwa hoja kwamba pacha mzima angejeruhika moyoni mwenziwe akifa. Hoja hiyo ina ukweli, kwani mtoto naye ana wa kumlilia. Lakini ina hatari pia: mapenzi ya mtoto hugeuzwa kuwa kibali, na wanaokisoma kibali hicho ni watu wazima wenye haja nacho.

Kwa hiyo uloto naukubali; figo ya mtoto siikubali. Na hata uloto una masharti. Mtoto aulizwe kwa maneno anayoyaelewa, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia haki ya kutoa maoni. Awe na daktari wake, asiye daktari wa nduguye. Tena aambiwe mapema kwamba tiba ikishindwa, si yeye aliyeshindwa.

Yuko pia mtoto wa tatu, aliyepimwa akaonekana halandani. Huyo hurudi nyumbani akidhani udugu wake umepungua. Methali ile ni yake hasa. Asomewe yeye kwanza, kisha apewe kazi ya kumfaa mgonjwa: kumketia, kumchekesha, kumngojea.