Usiifiche Sapu

Enyi vijana wa vyuo vikuu, matokeo yametoka na mmoja wenu ameshazima simu. Nyumbani amesema yuko fildi, kwenye mafunzo ya vitendo. Kumbe ana sapu mbili, mitihani ya kurudia! Atarudi chuoni Septemba kimyakimya, boom la mkopo haliingii, ajibanze kwenye geto la rafiki kule Sinza, ashindie chai na chapati moja. Mama yake angejua angekopa hata kwenye kikoba amtumie ya kula. Lakini mama hajui.

Nani amewadanganya kwamba sapu ni laana? Yona alipoikimbia Ninawi hakupewa mji mwingine ulio mwepesi. Alitumwa tena kulekule. Nawe umerudishiwa somo lilelile. Bei ipo, sikatai: katika vyuo vyetu vingi hata ukipata 90, sapu itaandikwa C. Ipokee hiyo C kwa mikono miwili! Wewe unayepigania GPA usije ukadisko, ukaondolewa chuo, una ubavu gani wa kuidharau? Ipuuze ufeli tena, nalo somo laweza kukufuata mwakani likiwa keri, deni juu ya mengine yote.

Na wewe uliyeingia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, malaria imekupanda, kalamu inateleza kwa jasho, eti watasema unakwepa: nani alikutuma? Aliyelazwa, aliyefiwa, aliyejifungua wiki ile ana haki ya mtihani maalumu, nao huhesabiwa kama wa mara ya kwanza. Ukipata A, ni A. Ila haki hiyo haiombwi kwa machozi. Inataka barua na uthibitisho, kama cheti cha daktari chenye muhuri kwa mgonjwa, tena mapema. Ukishakaa ukajibu karatasi, ni vigumu mno mtu kukuamini baadaye kwamba ulikuwa hoi.

Nanyi wahadhiri, tusifichane. Wengi wenu mnajituma. Lakini yupo anayekalia alama hadi sapu imebakiza siku chache. Mtoto wa Kigoma apate nauli lini, asafiri lini, asome lini?

Basi, kijana, washa simu. Mpigie mama usiku huu, umtajie somo lenyewe na tarehe ya mtihani. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wa somo, umwombe akuonyeshe ulipoangukia. Ukitoka hapo, pitia ofisi ya mitihani uhakikishe jina lako limo kwenye orodha.