Meneja Mpya na Amana ya Masafa

Meneja mpya akiingia kwenye stesheni ya redio, aghalabu huanza na muziki. Nyimbo za zamani zinaondolewa, kipindi cha salamu kinafupishwa, mtangazaji aliyezoeleka anapelekwa saa ambayo watu wamelala. Uzuri wa nyimbo mpya niuache kando, kwa kuwa linalonihangaisha ni suala la haki: mwenye ufunguo wa studio ana mamlaka gani juu ya kile alichokikuta? Nairobi asiyeridhika huhamia stesheni nyingine papo hapo. Turkana ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na mawimbi ya FM huenda karibu kwa mstari ulionyooka, yakikutana na mlima yanakwama. Mchungaji aliye mbali na mji, anayeanika betri juani ili apate tena saa moja ya kusikiliza, huenda hana stesheni nyingine inayosema Kiturkana. Kwake, kubadilishwa kwa vipindi ni kunyang'anywa.

Redio Akicha ya Lodwar, Turkana, ni mali ya Jimbo Katoliki la Lodwar, na jimbo hilo limeonja mabadiliko ya uongozi: Askofu Dominic Kimengich aliteuliwa kwenda Eldoret mwaka 2019, na Askofu John Mbinda akateuliwa mwaka 2022. Sijasema kwamba redio ilipotoshwa katika kipindi hicho. Ninachotaka tuone ni namna Kanisa lenyewe linavyofikiri kiti cha askofu kinapokuwa wazi. Kanuni ya 428 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza kuanzisha jambo jipya wakati jimbo halina askofu, na anayelishikilia haruhusiwi kufanya lolote litakalodhuru jimbo au haki za askofu. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Msingi wa kanuni zote mbili ni mmoja: anayesimamia hamiliki, anashika amana tu. Sasa tujiulize wasikilizaji wametoa nini. Wazee wameimba nyimbo za mafahali wao mbele ya kinasa sauti, akina mama wameimba za ngoma ya edonga, kwaya za parokia zimerekodi bila malipo. Waliimba ili watu wao wasikie. Kuzifungia rekodi hizo kwenye kompyuta ambayo hakuna anayeiwasha tena ni kuitumia sadaka kinyume cha nia ya mtoaji, hata kama hakuna senti iliyopotea. Najua kanuni ya 1267 iliandikwa kwa ajili ya mali. Lakini sioni kwa nini sauti ya mtu ilindwe kidogo kuliko shilingi yake.

Kakuma, huko huko Turkana, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu 1992 na Waislamu wapo, hoja hii inaeleweka upesi kwa njia ya wakfu. Mali ikishawekwa wakfu, msimamizi anafungwa na sharti la aliyeiweka. Kisima kilichowekwa kwa wapita njia hakiuzwi kwa sababu msimamizi mpya anapenda bustani. Hata hivyo mafakihi hawakuufunga mlango kabisa. Wapo walioruhusu mali ya wakfu ibadilishwe iwapo manufaa yake yamekoma, kwa idhini ya kadhi na kwa kuweka badala yake kitu chenye faida kwa walengwa wale wale. Naliona hilo kuwa kipimo bora kuliko takwimu za wasikilizaji. Badala ya kuuliza ni wangapi wataongezeka, meneja aulize kama manufaa ya awali yamekwisha kweli, na kama waliokuwa wakinufaika watapata kilicho sawa au bora.

Watasema vijana nao wana haki, na wasemavyo ni kweli. Kijana aliyezaliwa kambini na kukua akisikiliza Bongo Flava na nyimbo za Kongo ni mlengwa wa amana hii sawasawa na mzee. Saa za siku hazizidi 24, kwa hiyo kumpa yeye kutampunguzia mwingine. Lakini kupunguza kwa mashauriano ni tofauti na kufuta kwa amri, na alfajiri na jioni, saa ambazo mchungaji yuko karibu na redio, zisiwe za kwanza kugawiwa. Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Dizeli ya jenereta hailipwi kwa nyimbo za mafahali, na stesheni iliyofungwa haimhudumii yeyote. Nakubali tangazo la biashara liingie, na kipindi kinachofadhiliwa na shirika kiingie pia. Nisichokubali ni stesheni kuomba masafa kwa jina la jamii kisha kuyaendesha kama duka. Sheria ya Kenya inatofautisha utangazaji wa umma, wa kibiashara na wa jamii, na anayetaka biashara aombe leseni ya biashara.

Kwa hiyo meneja mpya wa Lodwar au Kakuma atangaze hewani, kwa Kiturkana na Kiswahili, kile anachokusudia kubadilisha, kabla hajakigusa. Awape watu muda wa kutosha hata aliye malishoni ajibu kupitia atakayekwenda sokoni. Rekodi za wazee zinakiliwe na nakala wapewe walioimba au watoto wao. Akiulizwa na waliomwajiri kwa nini anachelewa, awaonyeshe kanuni ya 428.